Bahasha ya Refa: Sehemu ya Saba

Bi Tisa aliyajua manukato yale kabla hajageuka.

Mliosoma juma lililopita mlimwacha hapo hapo, kwenye kiti chake chenye magurudumu matatu (la nne liling'oka, na ombi la kiti kipya bado liko ofisi ya utawala), barua ya marehemu refa mkononi, na nyayo zimekoma nyuma ya mgongo wake. Waliokisia kwamba ni mke wa refa amerudi wamekosa. Waliokisia Mhariri nao wamekosa.

Ni Bi Kwanza.

Bi Tisa alifanya jambo la kwanza lililomjia kichwani. Aliikalia barua.

"Dada, mbona umeruka hivyo? Nimekushtua?"

"Mimi? Nishtuke kwa kipi?"

Kwa aliyeanza kusoma leo: katika gazeti hili kila mtu huitwa kwa ukurasa wake. Yule ambaye jina lake liko ukurasa wa kwanza kila siku ya Mungu ni Bi Kwanza. Anayepokea matangazo ya vifo na kuyapanga ukurasa wa kumi na tisa ni Bi Kumi na Tisa, na kwa kuwa watu ni wavivu wa ulimi, Bi Tisa. Miaka kumi na moja yuko hapo. Na jambo linalomkera ni kwamba Bi Kwanza alifundishwa kazi na yeye. Alimkalia kando na kalamu nyekundu, akamwonyesha sentensi ya kwanza ya habari inavyoandikwa. Leo mwanafunzi ana ofisi yenye dirisha.

"Nasikia mke wa refa alikuja kwako asubuhi," alisema Bi Kwanza.

"Wanakuja wengi."

"Nipe namba yake ya simu. Iko kwenye fomu."

"Fomu za tanzia hazitoki kwenye meza hii. Unajua."

"Najua. Ulinifundisha wewe." Bi Kwanza alitabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Bi Tisa kuliko tusi. "Lakini Mhariri anaitaka habari hii ukurasa wa kwanza. Yule refa amejiua, dada. Hakufariki ghafla nyumbani kama mlivyoandika."

"Tumeandika alivyosema mwenye msiba."

Alijiuaje? Usiniulize. Mjane hakulijaza kwenye fomu, nami silijazi hapa. Mwenye hamu hiyo akanunue gazeti lingine, yapo mengi.

"Haya, nipe hata pini," alisema Bi Kwanza. "Mkanda wa mkoba umekatika, na shemeji ananingoja chini na pikipiki."

Shemeji. Shemeji huyo ni mpiga picha wa gazeti, na mpiga picha huyo ni mume wa Bi Tisa.

"Anakungoja tangu saa ngapi?"

"Tuko wote tangu asubuhi. Tunakwenda nyumbani kwa refa."

Asubuhi hiyo hiyo mume yule alimuaga mkewe kwa maneno mawili, "Natoka sasa," bila hata kumaliza chai. Bi Tisa alivuta droo kwa hasira. Droo ikakwama kama kawaida yake, akaipiga ngumi, ikafunguka. Pini zilikuwa mbele. Nyuma ya pini kulikuwa na kikaratasi cha njano.

Alikisukuma nyuma zaidi kwa kidole.

Wasomaji wa tangu mwanzo mnakikumbuka kikaratasi hicho. Ni mwandiko wake mwenyewe, wa majuma matatu nyuma: "Bi Kwanza, refa amepiga simu. Anaomba picha ya lango lake iondolewe mtandaoni. Mtoto anazomewa. Mpigie leo." Chini yake kuna tarehe na namba ya refa, namba imepigiwa mistari miwili. Simu ililetwa meza ya tanzia kwa sababu Bi Kwanza alikuwa ametoka, na alikuwa ametoka na nani? Na shemeji yake. Basi Bi Tisa hakukifikisha. Hakukitupa pia. Alitaka refa angoje, achoke, apandishe mori, aje mwenyewe kwa Mhariri amwage moto, ili kwa mara moja tu mtu fulani aitwe ofisini na mlango ufungwe.

Refa hakuja.

"Pini hii hapa," alisema Bi Tisa, akaifunga droo.

Bi Kwanza aliposhuka, Bi Tisa aliinuka akaitoa barua. Ilikuwa karatasi mbili zilizokunjwa pamoja, zina joto la kukaliwa. Asubuhi zilikuwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki aliyoileta mjane. "Picha ya tangazo imo humo," alisema yule mama, "chagueni iliyo nzuri, mimi macho hayaoni kitu leo." Hakujua kwamba katikati ya picha kulikuwa na barua.

Alisoma karatasi ya kwanza akiwa amesimama.

"Mke wangu, nisamehe. Tangu gazeti litoe picha ya lango letu, mtoto hawezi kwenda dukani. Mechi ile nilikosea, penalti haikuwa penalti, nimeshakiri. Lakini lango si langu peke yangu. Ni lenu pia, na sikuweza kuwakinga."

Mechi hiyo mji mzima unaikumbuka. Siku ya pili gazeti lilitoka na kichwa cha habari, KIPOFU MWENYE FILIMBI, na chini yake picha ya nyumba ya refa, lango na namba ya nyumba vinasomeka kama tangazo la kupangisha. Habari ya Bi Kwanza. Picha ya shemeji yake.

Niwafiche nini? Bi Tisa alifurahi.

Ilikuwa furaha mbaya, ya kuuma meno, lakini furaha. Miaka kumi na moja alikuwa akiomba Bi Kwanza ateleze, na kumbe ushahidi amepewa na marehemu mwenyewe. Aliona Bi Kwanza akifungasha vitu vyake kwenye boksi. Aliona ofisi yenye dirisha. Alimwona mume wake akirudi nyumbani saa za watu kurudi nyumbani.

Karatasi ya pili hakuifungua. Alichokuwa akikitafuta alikuwa amekipata. Aliipiga picha ile ya kwanza kwa simu, akazitia zote mbili mfukoni, na alasiri, alipomaliza matangazo ya siku, akapanda ngazi kwenda kwa Mhariri.

Mhariri alikuwa na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na alikuwa akiitafuta ya kichwani.

"Tanzia zimejaa?" aliuliza bila kumtazama.

"Nina barua ya refa."

Miwani ya kichwani ilianguka yenyewe. Mhariri alisimama, akaenda kuufunga mlango. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumfungia Bi Tisa mlango kwa heshima.

"Barua aliyoiacha? Mwandiko wake?"

"Mwandiko wake. Na inasema kuhusu lango, na ile picha, na aliyeandika ile..."

"Nitumie."

Alituma. Simu ya Mhariri ililia mezani. Alisoma kwa midomo, kisha akarudia mstari wa juu kwa sauti.

"'Mke wangu, nisamehe.' Hapa! Hapa hapa! Kwa nini amwombe mke msamaha? Nyumbani kulikuwa na nini? Msomaji atataka kujua."

"Mhariri, soma chini. Anasema ni lango. Ni sisi."

"Hiyo aya ni ndefu, nafasi haitoshi."

"Ndiyo barua yenyewe!"

"Sikiliza, Bi Tisa. Kile kichwa cha KIPOFU nilikiweka mimi. Unataka nijitangaze? Tunatoa mstari wa kwanza, kwa mwandiko wake, mkubwa. Chini yake: SIRI YA CHUMBANI. Watu watamalizia wenyewe."

"Lakini mke wake hana kosa lolote."

"Hatusemi ana kosa. Tunauliza tu." Alishika simu ya mezani, akampigia mpangaji kurasa. "Mtoe Bi Kwanza ukurasa wa kwanza. Ndiyo. Weka jina la Bi Tisa. Juu, herufi nene."

Hapo ndipo alipaswa kusema hapana. Mimi na wewe tungesema hapana, sivyo? Tungesema haraka sana, hasa kwa kuwa hatukupewa nafasi hiyo. Bi Tisa aliliona jina lake juu kwa herufi nene, akamwona mume wake akilisoma, akamwona Bi Kwanza akilisoma.

Akanyamaza.

"Saa kumi na moja ukurasa utakuwa tayari, uje usaini," alisema Mhariri.

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile tangu walipopelekwa mahakamani mara mbili kwa mwaka mmoja: hakuna kinachokwenda mtamboni bila saini. Tangazo la kifo husainiwa na mfiwa, baada ya kulisoma neno kwa neno mbele ya Bi Tisa. Habari husainiwa na aliyeiandika, kwenye kona ya chini. Usiposaini, haitoki.

Alishuka ngazi akiwa mwepesi na mzito kwa wakati mmoja. Alipofika katikati alisikia sauti chini yake, akasimama.

"Usilie. Basi. Usilie."

Ilikuwa sauti ya mume wake. Sauti ya chini, ya taratibu, ambayo kwake aliisikia mara ya mwisho mwaka ule walipompoteza mama mkwe.

Bi Tisa aliinamia chuma cha ngazi. Bi Kwanza alikuwa ameketi kwenye kidato cha ngazi, amevua viatu, kilemba kimelegea. Mume wake amesimama juu yake, mfuko wa kamera begani. Mkono mmoja uko juu ya bega la Bi Kwanza.

Ndiyo. Begani. Bi Tisa aliuona mkono huo na pete aliyouvisha yeye, na damu ikampanda mpaka masikioni.

"Mawe bado yapo pale langoni, shemeji," Bi Kwanza alikuwa akisema. "Umeyaona? Waliyatupa watu waliosoma habari yangu."

"Nimeyaona. Ndiyo maana sikufungua hata zipu ya mfuko. Picha sina, na sipigi."

"Nami siandiki. Nakwenda kumwambia Mhariri sasa hivi ampe mwingine."

"Mwingine nani? Nani katika jengo hili atakubali kuandika jambo kama hili?"

Juu yao, hatua nane tu, aliyekubali alibana pumzi.

"Kinachoniuma," alisema Bi Kwanza, "hakunipigia. Angenipigia hata simu moja, shemeji, ningeiondoa picha ile siku hiyo hiyo. Kwa nini hakunipigia?"

Bi Tisa alirudi nyuma mpaka ukutani. Alijitahidi kushika wivu wake, kwa kuwa wivu ulikuwa mwepesi kuubeba kuliko kile kilichokuwa kinakuja nyuma yake. Alijiambia: mtazame, hata machozi yake yanapata mtu wa kuyafuta. Alijiambia: miaka yote ananitangulia, leo hata kutubu amenitangulia.

"Bi Tisa!" mama wa mapokezi aliita kutoka chini. "Mgeni wako wa tanzia amefika!"

Mjane wa refa aliketi kwenye ukingo wa kiti cha wageni. Alikuwa mwanamke mwembamba, fundi wa cherehani, na uzi mweupe ulikuwa umenasa kwenye mkono wa gauni lake jeusi.

"Pole tena, dada yangu," alisema Bi Tisa.

"Nimeshapoa. Niletee nisome."

Aliusoma mfano wa tangazo kwa kidole, neno kwa neno. Alifika mahali akasimama.

"Hapa mmeandika mwamuzi wa zamani. Ondoa wa zamani. Walimsimamisha wao, yeye hakuacha. Filimbi ilikuwa mfukoni mwake."

Bi Tisa alikata maneno mawili kwa kalamu nyekundu. Mjane akasaini.

"Na ile bahasha nitaipata? Mtoto atazitaka picha. Yuko kwa shangazi yake, anashuka kwenye basi kesho saa sita mchana. Tumemwambia baba amefariki ghafla. Yaliyobaki nitamwambia mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa." Alikuwa akiuvuta ule uzi mweupe polepole. "Nikwambie kitu? Wiki iliyopita alizipanga zile picha. Akaniambia, ukitaka picha yangu nzuri, iko kwenye bahasha ya kaki. Nikamwambia, nawe, utadhani unagombea ubunge. Nikacheka."

Mjane aliukata ule uzi, akauviringisha kidoleni.

"Nimepekua nyumba nzima. Makabati, mifuko ya koti, chini ya godoro. Miaka kumi na saba, dada, na hakuniachia hata neno moja. Hilo ndilo linaloniua mimi."

Sasa msomaji, ungefanya nini? Akimpa barua, ataulizwa ilikuwa wapi mchana kutwa. Akinyamaza, kesho mwanamke huyu atausoma mwandiko wa mumewe kwenye kibanda cha magazeti, kituo cha basi, mkono mmoja umeshika sanduku la mtoto.

Mkono wa Bi Tisa uliingia mfukoni.

"Alikuachia," alisema. "Ilikuwa kati ya picha. Chukua."

Mjane alizitazama zile karatasi, asizishike.

"Umeisoma?"

"Karatasi ya kwanza. Nisamehe. Na si hilo tu. Nimempa Mhariri nakala yake. Wanataka kuitoa kesho."

"Wewe?" Mjane hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Wewe uliyenishika mkono asubuhi? Barua yangu, umeisoma kabla yangu, ukaigawa?"

"Ukurasa haujasainiwa. Sitausaini. Nakuapia, dada yangu, sisaini."

Sikuyapamba maneno hayo, aliyasema hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akimfikiria Bi Kwanza.

Mjane alizichukua karatasi. Alisoma ya kwanza bila kubadilika uso, akaiweka kwenye mapaja. Akafungua ya pili. Kidole kilitembea mstari hadi mstari, kikapunguza mwendo, kikakoma. Alipoinua macho yalikuwa yamejaa, lakini hasira ilikuwa imeondoka, na hilo ndilo lililomtisha Bi Tisa.

"Hapa wanakuitaje? Jina la kazini?"

"Bi Tisa."

"Basi ni wewe."

"Mimi nini?"

Mjane alisoma kwa sauti ya kukwama. "'Usimtafute wa kumlaumu. Nilikuwa mgonjwa kabla ya filimbi ile, nawe unajua dawa nilizoziacha. Mtoto mwambie wewe, kwa sauti yako, asije akasoma popote. Na kuna dada mmoja pale gazetini, Bi Tisa. Nilipiga simu, wote walinicheka, yeye alinisikiliza. Aliniahidi ataufikisha ujumbe wangu kwa aliyeandika. Najua alijitahidi. Ukimwona, mshukuru.'"

Aliweka karatasi chini, akaushika mkono wa Bi Tisa kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe uliahidi ukajitahidi. Nami nimekujia juu. Ahsante, mdogo wangu. Ahsante sana."

"Ujumbe gani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Bi Kwanza alikuwa amesimama pale, macho mekundu. Nyuma yake Mhariri, ukurasa wa kwanza mkononi, wino bado unanuka.

"Nimeuliza, ujumbe gani? Mimi ndiye niliyeandika."

Mjane alimtazama Bi Kwanza, akamtazama Bi Tisa. Mikono yake bado imeushika ule mkono.

"Hukuupata?" alimuuliza Bi Kwanza.

"Hayo mtaongea baadaye," alisema Mhariri. "Bi Tisa, saini hapa. Mtambo unangoja."

Bi Tisa hakumjibu. Alinyoosha mkono uliobaki huru, akaivuta droo. Siku zote hukwama. Leo ilifunguka kwa kuguswa tu. Alikitoa kikaratasi cha njano, akakiweka juu ya meza, mbele ya wote watatu.

Bi Kwanza alikisoma. Alisoma jina lake, akasoma namba yenye mistari miwili, kisha akasoma tarehe, na tarehe aliirudia. Machozi yalikauka pale pale usoni mwake.

Aligeuka taratibu, akaupokonya ukurasa mkononi mwa Mhariri, akalichana lile jina la herufi nene.

"Nirudishie ukurasa wangu," alisema. "Barua ya refa haitoki. Habari ya kesho ni hii ya njano, na ninaiandika mimi."

Mjane akauachia mkono wa Bi Tisa.